Je, Wajua? Skizofrenia, Ujana na Mawasiliano ya Ndani ya Ubongo

Je, wajua kwamba skizofrenia huwavizia hasa vijana? Kwa walio wengi hujitokeza wazi kuanzia miaka ya mwisho ya sekondari hadi kwenye ishirini na kitu, wavulana wakitangulia wasichana kwa miaka michache. Ndio umri ambao kijana wa Newala anamaliza kidato cha nne, anakabidhiwa mikorosho aihudumie mwenyewe, au anashuka Masasi mjini kutafuta kibarua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu humpata takribani mtu 1 kati ya 300.

Je, wajua kwamba hauambukizi? Hakuna aliyewahi kuupata kwa kula sahani moja na mgonjwa au kulala naye chumba kimoja.

Na je, unarithiwa? Kwa sehemu. Pacha wa kufanana wana vinasaba karibu vilevile, lakini mmoja akiugua, mwenzake huugua kwa nusu ya pacha hao au chini ya hapo. Mtoto wa mzazi mgonjwa ana uwezekano wa takribani asilimia 10, maana yake tisa kati ya kumi hawaugui. Wanaovunja uchumba kwa kusikia tu kwamba “ukoo ule una vichaa” wanahukumu haraka mno.

Je, wajua unavyoanza? Mara nyingi hauanzi kwa fujo. Mama ndiye anayeona kwanza, tena vitu vidogo: mtoto aliyekuwa hakosi uwanjani jioni sasa anajifungia ndani, daftari lililokuwa na mwandiko safi limejaa mistari isiyosomeka, usiku halali, anazunguka uani, kuoga mpaka aambiwe. Baadaye anaziba masikio wakati hakuna anayesema, anacheka peke yake, anadai redio ya jirani inamtaja jina. Kati ya dalili hizo za mwanzo na ile siku ya vurugu inayokusanya mtaa mzima huweza kupita miezi, hata miaka. Huku kusini mwa Tanzania, siku hiyo ndipo mjomba anapoitwa, kwa sababu kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao ukoo hufuata upande wa mama, na neno la mjomba juu ya mtoto wa dada yake ni zito. Mjomba akisema “apelekwe hospitali,” anapelekwa. Akisema “kwa mganga kwanza,” ni kwa mganga kwanza. Safu hii naiandika kwa ajili ya wajomba kama ninavyoiandika kwa ajili ya matabibu.

Je, wajua kwamba ubongo una takribani asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini unatumia karibu asilimia 20 ya nishati yake? Hata ukijilaza chali bila kufanya lolote, matumizi hayo yanapungua kidogo sana.

Umewahi kujiuliza ubongo unafanya nini wakati huo wa utulivu? Mwaka 1995 Bharat Biswal, akiwa bado mwanafunzi katika Chuo cha Tiba cha Wisconsin, Marekani, alitoa jibu ambalo wengi hawakuliamini kwa miaka kadhaa. Aliwalaza watu ndani ya mashine ya MRI, mikono imetulia kabisa, akapima sehemu mbili za ubongo zinazoendesha mikono, moja upande wa kulia na nyingine kushoto. Ishara za sehemu hizo zilikuwa zikipanda na kushuka pamoja, polepole, wimbi moja likichukua sekunde 10 au zaidi. Wafikirie wapiga ngoma wawili wa sindimba, mmoja Newala na mwingine Masasi, hawaonani. Ukirekodi ngoma zote mbili ukakuta zinapanda na kushuka pamoja usiku kucha, utajua kuna kinachowaunganisha, ingawa kamba yenyewe hujaiona. Kipimo hicho ndicho wanasayansi wanachokiita muunganiko wa utendaji, na ndicho kinachotafutwa leo katika vichwa vya vijana wenye skizofrenia.

Je, wajua kwamba MRI haijawahi kuona wazo la mtu? Inachofuatilia ni damu. Mwaka 1936 Linus Pauling na Charles Coryell walionyesha kwamba himoglobini iliyobeba oksijeni na ile iliyokwisha kuitoa hufanya tofauti mbele ya sumaku. Mwaka 1990 Seiji Ogawa na wenzake wakaitumia tofauti hiyo kuona ni sehemu gani ya ubongo inapelekewa damu nyingi zaidi. Seli za neva hufanya kazi kwa sehemu ndogo ya sekunde. Damu hufika kwa wingi sekunde tano hivi baadaye. Kila picha ya rangi nyekundu na njano unayoiona gazetini ni kumbukumbu ya damu iliyofika ikiwa imechelewa.

Na hapo kuna jambo linalotuhusu sisi wa kusini moja kwa moja. Ikiwa kipimo kinategemea himoglobini, basi kijana mwenye upungufu wa damu, au mwenye ugonjwa wa selimundu, atatoa ishara tofauti hata kama seli zake za ubongo ziko salama. Mtwara ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi zaidi nchini, na malaria hula damu. Mtafiti atakayewapima vijana wa huku bila kupima kwanza wingi wa damu yao anaweza kuita ugonjwa wa akili kitu kilichosababishwa na mbu.

Je, wajua kwamba ubongo wa kijana balehe unapunguzwa? Mtoto ana maungio mengi mno kati ya seli za neva, yaani sinapsi. Wakati wa balehe mengi yasiyotumika huondolewa na yanayobaki huimarishwa. Kazi hiyo huchelewa kukamilika katika sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, inayohusika na kupanga, kujizuia na kupima jambo. Huko huendelea hadi katikati ya miaka ya ishirini. Mwaka 1982 Irwin Feinberg alipendekeza kwamba skizofrenia inatokana na kasoro katika upunguzaji huo. Kwa miaka 34 lilikuwa wazo zuri lisilo na ushahidi wa kutosha. Mwaka 2016 timu ya Steven McCarroll na Beth Stevens huko Boston ilionyesha kwamba aina fulani za jeni iitwayo C4, ambayo kwenye panya husaidia kuondoa sinapsi, huongeza uwezekano wa skizofrenia. Kwangu mimi huu ni mmoja wa uvumbuzi muhimu zaidi katika afya ya akili wa miaka ya karibuni, kwa sababu unaeleza kwa nini ugonjwa unasubiri ujana.

Na picha zinasemaje? Mwaka 2001 Paul Thompson na wenzake walichapisha matokeo ya kufuatilia kwa miaka mitano vijana 12 ambao ugonjwa uliwaanza utotoni, wakilinganishwa na 12 wazima. Tabaka la kijivu la ubongo kwa wagonjwa lilikonda haraka kuliko kawaida, kukonda huko kukianzia sehemu ya juu kuelekea kisogoni, kisha kukasogea mbele. Mwaka 2010 Aaron Alexander-Bloch na wenzake walitazama mawasiliano yenyewe kwa vijana wa aina hiyo. Kwa kawaida maeneo ya ubongo hujipanga katika makundi yanayozungumza zaidi yenyewe kwa yenyewe. Kwa vijana hao mipaka ya makundi ilikuwa imelegea.

Je, wajua kwamba hitilafu huweza kuonekana kabla ugonjwa haujakamilika? Mwaka 2015 Alan Anticevic na wenzake walichapisha uchunguzi wa vijana 243 wa Amerika Kaskazini waliokuwa na dalili za hatari. Walitazama thalamasi, kituo cha katikati ya ubongo kinachopokea karibu kila taarifa kutoka kwenye macho, masikio na ngozi na kuisambaza. Kwa vijana hao mawasiliano yake na sehemu ya mbele yalikuwa hafifu, na mawasiliano yake na sehemu za hisia na mwendo yalikuwa makali kupita kiasi. Hali hiyo ilikuwa mbaya zaidi kwa wale 21 ambao baadaye waliugua kweli. Kwa maneno mengine, ulimwengu wa sauti na mguso unaingia kwa nguvu, na sehemu ya kuupima inapata habari pungufu. Ukikumbuka kijana anayeziba masikio uani, unaelewa kwa nini matokeo haya yaliwagusa watu.

Wazo lenyewe la hitilafu ya mawasiliano ni la zamani kidogo. Karl Friston na Chris Frith wa London waliuliza mwaka uleule wa 1995 kama skizofrenia ni ugonjwa wa kukatika kwa mawasiliano na si wa sehemu moja iliyoharibika.

Lakini je, wajua kwamba kutikisa kichwa kwa sehemu ya milimita kunaweza kuzaa matokeo ya uongo? Mwaka 2012 timu tatu tofauti zilionyesha kwamba mtu anayetikisika kidogo ndani ya mashine huonekana ana mawasiliano hafifu kati ya maeneo ya mbali ya ubongo. Watoto hutikisika kuliko watu wazima, na wagonjwa kuliko wenye afya. Tafiti kadhaa za nyuma zilibidi zirudiwe. Miaka mitatu kabla yake, 2009, Craig Bennett alikuwa amemweka samaki mfu aina ya samoni ndani ya MRI, na hesabu zilizokuwa zikitumiwa kizembe zilionyesha samaki huyo “anafikiri.” Alikuwa akiwaonya wenzake wakaze hesabu. Na mwaka 2022 Scott Marek na wenzake walionyesha kwamba kuhusisha tofauti za ubongo na tofauti za tabia kati ya mtu na mtu kwa uhakika huhitaji maelfu ya watu. Mradi wa Marekani wa kufuatilia ubongo wa watoto tangu umri wa miaka 9 na 10 una karibu watoto 12,000. Tafiti nyingi za skizofrenia zilikuwa na makumi tu. Nazitaja hizo zenye watu 12 na 21 kwa heshima, na kwa tahadhari hiyo.

Je, wajua kilivyo chumba chenyewe? Kila chuma kinabaki mlangoni: mkanda, sarafu, simu, pini za nywele, sidiria yenye waya, na hirizi iliyofungwa kwenye kikebe cha bati. Sumaku ya Tesla 3 ina nguvu zaidi ya mara 50,000 kuliko ile ya dunia inayogeuza dira. Kijana analala chali, kichwa kimezungushiwa kizimba cha plastiki, masikio yamezibwa kwa sababu mashine hugonga kwa kelele inayoweza kupita desibeli 100. Anaambiwa atazame alama ya msalaba iliyo mbele yake, asisinzie, asiwaze jambo maalumu. Dakika tano, wakati mwingine kumi. Kwa kijana anayesikia sauti za watu wasioonekana wakimtukana, dakika hizo ni ndefu. Kila nisomapo utafiti wa namna hii huwawaza kwanza waliolala mle ndani wakavumilia, kabla sijafika kwenye namba.

Je, wajua kwamba sumaku hiyo hupozwa kwa heliamu ya kimiminika yenye baridi ya takribani nyuzi 269 chini ya sifuri? Na kwamba mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza kugundua heliamu katika bonde la Rukwa hapa Tanzania? Makadirio ya sehemu moja tu ya bonde hilo yalikuwa futi za ujazo bilioni 54, na watafiti walisema inatosha kujaza mashine za MRI zaidi ya milioni 1.2.

Je, wajua kwamba hakuna daktari popote duniani anayeweza kuthibitisha skizofrenia kwa picha ya MRI? Tofauti zote nilizozieleza ni za wastani wa makundi. Ukichukua kichwa kimoja kimoja, vipimo vya wagonjwa na vya wenye afya huingiliana mno. Ugonjwa hutambuliwa kwa kuzungumza na mgonjwa, kuwasikiliza ndugu na kufuatilia dalili kwa muda. Kwa hiyo ukiambiwa uuze korosho zote ukapige “picha ya akili,” uliza kwanza: tunatafuta nini?

Zipo sababu halali za kupiga picha. Uvimbe, kuvuja damu baada ya ajali ya bodaboda, au malengelenge ya mnyoo tegu wa nguruwe ndani ya ubongo huweza kuleta maneno na matendo yanayofanana na wazimu, na mengi ya hayo huonekana kwa CT-Scan, ambayo katika miaka ya karibuni Serikali imeipeleka hospitali za rufaa za mikoa. Kabla ya hapo vipo vipimo vya bei nafuu ambavyo havipaswi kurukwa: malaria, VVU, kaswende, sukari. Homa kali iliyokuja na kuweweseka ndani ya siku mbili haifai kuitwa kichaa hata kidogo; mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Tanzania yenyewe ina mfano wa picha iliyosaidia. Huko Mahenge, Dk. Louise Jilek-Aall alieleza tangu miaka ya 1960 juu ya watoto waliokuwa wakiinamisha kichwa tena na tena kama wanaosinzia, kisha wakapata kifafa. Miongo kadhaa baadaye Andrea Winkler na wenzake waliwapima baadhi yao kwa MRI, na mwaka 2008 wakachapisha kwamba wengine walikuwa na makovu katika hipokampasi, sehemu ya kumbukumbu.

Je, wajua kwamba Afrika Mashariki sasa imo katika utafiti wa muunganiko wa ubongo? Mradi mkubwa wa kimataifa unaofuatilia vijana walio katika hatari ya skizofrenia ulifunguliwa katika vituo 43 vya mabara matano. Afrika haikuwa na kituo hata kimoja. Daniel Mamah wa Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, na David Ndetei wa Nairobi, ambao kwa miaka mingi wamechunguza wanafunzi wa Machakos, wakaanzisha mradi wa KePROS nchini Kenya: kuwachuja watu zaidi ya 10,000, kisha kuwafuatilia vijana 100 walio katika hatari na 50 wasio nayo, kwa MRI, vipimo vya umeme wa ubongo, damu, usingizi na lugha. Nimelisubiri hilo kwa muda mrefu. Dawa na vipimo vya kesho vitatengenezwa kwa kufuata vichwa vilivyopimwa leo, na kijana wa Masasi ana haki ya kuhesabiwa.

Hata nywele ni suala la sayansi. Kipimo cha umeme wa ubongo huhitaji vidude vigusane na ngozi ya kichwa, na vilibuniwa kwa nywele laini. Arnelle Etienne, akiwa mwanafunzi wa Carnegie Mellon, alibuni vibanio vinavyokaa katikati ya mistari ya nywele zilizosukwa. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2020. Binti wa Newala mwenye twende kilioni hatahitaji kufumua.

Je, wajua kwamba dawa ya kwanza ya skizofrenia ina undugu na dawa ya malaria? Mwaka 1876, mwaka uleule misheni ya Kianglikana ya UMCA ilipoanzisha makazi ya watumwa walioachiwa huru Masasi, mkemia Heinrich Caro alitengeneza rangi ya bluu ya methilini. Mwaka 1891 Paul Ehrlich na Paul Guttmann waliijaribu kutibu malaria. Kutoka ukoo wa kemikali hiyo ikapatikana klopromazini, iliyoanza kutumika kwa wagonjwa wa akili Paris mwaka 1952. Mpaka leo iko kwenye rafu za hospitali zetu.

Je, wajua kwamba tiba hii haikukusudiwa kuishia Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili iliyoko Dodoma? Kutoka Newala hadi Dodoma ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Katika miaka ya 1980 mpango wa taifa wa afya ya akili ulijaribiwa Kilimanjaro na Morogoro, wahudumu wa zahanati wakifundishwa kuwatambua na kuwatibu wagonjwa karibu na kwao. Kabla tu ya mpango huo, Waziri wa Afya wa 1975 hadi 1980 alikuwa mtu aliyezijua njia za huku: Dk. Leader Stirling, daktari wa upasuaji aliyefika Lulindi, Masasi, mwaka 1935.

Kuchelewa kuna gharama. Uchambuzi wa mwaka 2009 ulikuta kwamba katika nchi maskini na za kipato cha kati mgonjwa hukaa kwa wastani wiki 125 akiwa na dalili kabla ya kupata tiba; katika nchi tajiri ni wiki 63. Kadiri muda huo unavyorefuka, ndivyo kupona kunavyokuwa kugumu. Na si lazima mganga na hospitali wapigane: utafiti uliofanyika Nigeria na Ghana kwa wagonjwa 307, ukachapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba wagonjwa walio kwa waganga na kwenye maombi walipata nafuu zaidi pale wahudumu wa afya walipowafuata hukohuko kwa dawa na ushirikiano.

Na bangi? Utafiti wa Dar es Salaam uliochapishwa mwaka 2010, uliowahoji watu 899 wa umri wa miaka 15 hadi 59, ulikuta asilimia 3.9 wamepata angalau dalili moja ya kupotewa na uhalisia katika mwaka uliotangulia. Waliovuta bangi mwaka huo walikuwa nazo zaidi, na pia waliopatwa na misukosuko miwili au zaidi.

Mwisho, mambo mawili kwa mjomba ambaye mpwa wake ameshaanza dawa. Haloperidoli, dawa nyingine ya ugonjwa huu, huweza kukaza shingo na kupinda ulimi. Inatisha kuitazama, lakini ina dawa yake, kwa hiyo arudi hospitali siku hiyohiyo, asijiamulie kuziacha dawa akiwa nyumbani. Klopromazini nayo huifanya ngozi iungue kwa jua upesi. Msimu wa kupulizia mikorosho salfa, mpwa anaweza kwenda shamba kama wenzake, avae kofia pana na shati la mikono mirefu, na apangiwe kazi za asubuhi.